Kurudishiwa si kupewa: posho, marupurupu na kodi ya mshahara wangu

Agosti 2022 niliacha kazi ya serikali. Nilikuwa afisa ugani katika halmashauri moja mkoani Singida kwa miaka tisa, nikapata nafasi kwenye kampuni binafsi inayonunua na kusafirisha parachichi, ofisi yake ikiwa Mbeya mjini na mashamba ya wakulima wetu yakiwa Rungwe na Busokelo. Barua ya ajira ilikuja jioni, na mimi na mume wangu tukaisomea mezani mara tatu. Mshahara wa msingi 1,500,000. Posho ya nyumba 400,000. Posho ya usafiri 200,000. Fedha ya kuhamia 1,500,000, mara moja. Gari la kampuni. Bima ya afya kwa familia.

Mume wangu alichukua daftari la hesabu la mtoto, akachana karatasi ya katikati, tukapiga hesabu. Kwenye mshahara wa msingi tulitoa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 150,000, kisha kodi, tukabakiwa na 1,117,000. Juu yake tukaweka posho zote kama zilivyo, 600,000. Jumla 1,717,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza tungeongeza ile fedha ya kuhamia, ikawa 3,217,000. Kwa hesabu hiyo nilimpigia dalali wa Mbeya nikakubali nyumba ya 250,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikaagana na mwenye fuso aliyetaka 900,000 kubeba vyombo, na nikaahidi shule ada ya muhula ingelipwa mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi benki ikatuma ujumbe: 2,532,500.

Nilidhani wamekosea. Nilikaa kwenye gari nje ya ofisi nikausoma ule ujumbe, nikahesabu tarakimu kwa kidole. Zilikosekana 684,500. Kwa mtu ambaye ameshatoa ahadi kwa dalali, kwa dereva wa fuso na kwa shule, hiyo si tofauti ndogo. Usiku ule nilimwambia mume wangu kuwa nimedhulumiwa, na nilisema kwa uhakika kabisa. Naandika haya kwa sababu sikuwa nimedhulumiwa. Sikuwa najua ninachosaini, na nimeona wenzangu wengi wanaotoka serikalini kwenda sekta binafsi wakiingia shimo lilelile.

Asubuhi nilikwenda kwa mhasibu wetu, mama wa makamo aliyekuwa na kikokotoo cha vitufe vikubwa na subira ya ajabu. Nikamwamkia, nikaweka barua ya ajira mezani. Akaisoma, akaniuliza swali moja: "Mwanangu, ulikotoka posho zilikuwa zinakatwa kodi?" Nikasema hapana. "Basi ndiyo hapo," akasema. "Huku zinakatwa."

Hili ndilo kosa langu la kwanza. Miaka yote tisa nilikuwa nimelipwa posho ya kazi za ziada bila kukatwa hata senti, nikajenga imani kwamba posho, kwa jina lake tu, haiguswi na kodi. Kumbe msamaha ule haukuwa wa posho. Ulikuwa wa mwajiri wangu. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, katika kifungu cha 7, inahesabu kuwa mapato ya ajira karibu kila kitu anachopata mfanyakazi kwa sababu ya kazi yake: mshahara, malipo badala ya likizo, bonasi, kiinua mgongo, posho ya kujikimu, ya safari, ya nyumba. Halafu inataja vichache visivyohesabiwa. Kati ya hivyo ni posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya kazi za ziada, ya mazingira magumu na honoraria (malipo ya shukrani), lakini pale tu zinapolipwa kwa mfanyakazi wa serikali au wa taasisi ambayo bajeti yake yote au sehemu yake kubwa inatoka serikalini. Ukivuka geti kwenda kampuni binafsi, posho zilezile, kwa majina yaleyale, zinaungana na mshahara na kukatwa pamoja.

Mama mhasibu akanifanyia hesabu ya kweli, na naiweka hapa jinsi alivyoiandika kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho. Jumla ghafi ya kila mwezi, kabla ya makato, ni 2,100,000. Kwanza inatoka NSSF, 210,000, kwa sababu mchango wa hifadhi ya jamii hauhesabiwi kodi. Inabaki 1,890,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kila shilingi inayozidi milioni moja inakatwa asilimia 30. Milioni ya kwanza peke yake inabeba kodi ya 128,000. Ile 890,000 iliyozidi inabeba 267,000. Jumla 395,000. Sisi kwenye karatasi ya daftari tulikuwa tumeandika 233,000.

"Angalia hapa," akasema, akiweka ncha ya kalamu kwenye ile asilimia 30. "Mshahara wako wa msingi peke yake umeshavuka milioni moja. Kwa hiyo posho yoyote utakayoongezewa inaingia kwenye ngazi ya juu moja kwa moja. Ukiambiwa laki, hesabu sabini." Na ikiwa mwajiri wako anaikata na NSSF pia, kama wetu, inashuka hadi 63,000. Tangu siku hiyo nikisikia posho yoyote naishusha kichwani kabla sijaipangia matumizi.

Fedha ya kuhamia ndiyo iliyoniuma zaidi. Ilikatwa 450,000. Nilimuuliza mama mhasibu: sasa mimi nimeilipa kwa fuso, kwa nauli, kwa kodi ya nyumba; imekuwaje pato? Akanieleza kwamba sheria inaacha nje nauli ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne kuja kwenye kituo cha kazi, kama amechukuliwa kutoka zaidi ya maili 20, na kama kiasi kilicholipwa ni gharama halisi ya safari. Sisi tulikuwa wanne, kutoka Singida, tungestahili. Lakini mimi sikuleta tiketi wala sikuomba nikatiwe. Nilipokea fedha ya mkupuo nitumie nipendavyo, na fedha ya mkupuo ni pato. Tiketi za basi tulikuwa tumeshazitupa pale stendi ya Mbeya, kwenye pipa la kwanza tuliloliona. Zingetuokolea kodi ya nauli tu, si ya milioni moja na nusu yote, lakini mwezi ule hata elfu thelathini ilikuwa na kazi yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mstari unaopita katikati ya jambo hili zima. Kuna fedha unayorudishiwa, na kuna fedha unayopewa. Unayorudishiwa ni ile uliyoitoa mfukoni kwa ajili ya kazi na kwa kazi tu, ukaleta ushahidi; hiyo si pato lako, kodi haiigusi. Unayopewa, hata kama uliitumia yote kwenye kazi, ni pato. Jina lililoandikwa kwenye barua ya ajira halibadilishi kitu.

Niliuelewa mstari huo, lakini sikuufuata. Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinigharimu fedha nyingi kuliko lile la mwanzo.

Kazi yangu ni ya mashambani. Kila mwezi nilikuwa nalala nje siku tano hadi saba: Tukuyu, Kiwira, Isongole, wakati mwingine ndani kabisa Busokelo ambako mvua ikinyesha unalala ulipo. Kampuni ilitulipa posho ya safari 70,000 kwa siku, inatumwa kwenye simu siku moja kabla. Hakuna aliyetudai risiti. Fomu ya kurejesha masurufu ilikuwepo, ina mistari mingi na sehemu ya kubandika risiti, lakini tulikuwa tunajaza jina, tarehe na kijiji, tunasaini, basi. Mama mhasibu alituandikia mara mbili kwamba safari bila risiti itakuja kuleta shida. Nilisoma barua zake, nikakubaliana nazo, nikaendelea kama kawaida. Ukirudi kutoka Busokelo saa tatu usiku, umelowa, gari limejaa tope, risiti ya chakula cha mchana haiko akilini.

Mwanzoni mwa 2024 wakaguzi wa kodi wakaja kukagua vitabu vya kampuni. Ni kazi yao, na kwa kweli walikuwa waungwana. Walikaa chumba cha mikutano wiki nzima. Siku ya tatu wakaomba fomu za safari za maafisa wote wa shamba, na mimi nikaitwa kueleza zangu.

Nilikuja na vilivyokuwepo. Nilikuwa na bahasha ya kaki iliyokaa juu ya dashibodi ya Hilux kwa mwaka mzima na zaidi, ndani yake risiti za mafuta, za gesti, za mgahawa, kila nilichokumbuka kuchukua. Nikazimwaga mezani. Karibu nusu zilikuwa nyeupe. Karatasi ya mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, inachapwa kwa joto. Ukiiacha juani maandishi yanafifia mpaka yanapotea. Niliinua moja nikaielekeza dirishani, nikaona kivuli cha neno "JUMLA" na mstari chini yake, tarakimu hakuna. Afisa mmoja, kijana, aliichukua taratibu akaigeuza, akanirudishia. Hakusema neno, nami sikuwa na la kusema.

Kuanzia Agosti 2022 hadi Desemba 2023 nilikuwa nimelipwa siku 100 za safari, shilingi 7,000,000. Risiti zilizosomeka na kukubalika zilifika 2,600,000. Zilizobaki, 4,400,000, zikahesabiwa kuwa ni posho ya kawaida, yaani mshahara ambao haukukatwa kodi. Safari nilizifanya kweli. Wakulima wananijua kwa jina na miti niliyowasaidia kupanda inazaa. Lakini sheria inataka posho ya safari iwe ni marejesho matupu ya kile ulichotumia, na cha kuonyesha sikuwa nacho.

Mwajiri asipokata kodi aliyopaswa kukata, yeye ndiye anayedaiwa kwanza. Anailipa, kisha sheria inamruhusu kuidai kutoka kwa mfanyakazi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa tatu kila afisa wa shamba akapewa barua. Yangu ilisema nadaiwa 1,760,000, nisaini hapa chini, nikatwe kwa miezi sita.

Nilitaka kusaini palepale ili yaishe. Aliyenizuia ni mama mhasibu. "Usisaini hesabu usiyoielewa," akaniambia. "Waambie wakuchambulie." Nikaandika barua fupi, ya adabu, kuomba mchanganuo. Ulipokuja niliona kodi yenyewe ni 1,320,000, asilimia 30 ya zile 4,400,000. Zile 440,000 zilizobaki zilikuwa riba ya kuchelewa pamoja na SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi. SDL ni mzigo wa mwajiri, haikatwi kwenye mshahara wa mtu. Riba nayo ilizaliwa na kuchelewa kwa kampuni kupeleka kodi ambayo inapaswa kufika TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Anachoweza kudai mwajiri kwa mfanyakazi ni kodi ile aliyomlipia. Nilirudi kwa meneja na karatasi hizo mbili, nikaeleza bila kupandisha sauti, nikiwa natetemeka kwa ndani. Wiki iliyofuata barua mpya ikatoka kwa wote: kodi peke yake. Nikasaini 220,000 kwa mwezi, kuanzia Aprili hadi Septemba.

Miezi hiyo sita ilikuwa migumu. Tulimhamisha mtoto mdogo kutoka kwenye basi la shule, mume wangu akawa anamsindikiza kwa miguu asubuhi. Nilijilaumu sana, na wakati mwingine niliwalaumu wakaguzi, jambo ambalo halikuwa haki. Wenzangu wawili waliacha kazi kwa hasira. Mmoja hakuwahi hata kuomba mchanganuo wa deni lake.

Sasa nieleze niliyojifunza katika marupurupu mengine, maana baada ya barua ile nilianza kuuliza kila kitu.

Gari. Kwenye slipu yangu kulikuwa na mstari wa 41,667 ambao sikuwahi kupokea. Ni thamani ya gari kwa hesabu ya kodi. Mfanyakazi anayepewa gari la mwajiri akalitumia na kwa mambo yake binafsi anahesabiwa kiasi maalumu kwa mwaka kulingana na ukubwa wa injini na umri wa gari. Injini isiyozidi cc 1,000 ni 250,000. Hadi cc 2,000 ni 500,000. Hadi cc 3,000 ni 1,000,000. Zaidi ya hapo ni 1,500,000. Gari likizidi miaka mitano viwango hivyo vinagawanywa kwa mbili. Hilux yangu iko kati ya cc 2,000 na 3,000 na imeshazeeka, kwa hiyo ni 500,000 kwa mwaka, kodi yake 12,500 kwa mwezi. Nililalamika mpaka nilipofikiri: nilikuwa nalala nalo nyumbani, Jumamosi naenda nalo sokoni Mwanjelwa, Jumapili kanisani. Kwa 12,500 sina la kulalamika. Gari linalolala uani kwa kampuni na kutoka kwa kazi tu halihesabiwi kwa mtu. Na kama mwajiri hadai gharama yoyote ya gari hilo kwenye hesabu zake za kodi, mfanyakazi hahesabiwi chochote. Linafaa kuulizwa siku unapokabidhiwa funguo.

Chakula. Hili linaniuma kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliolidai. Pale kwenye ghala la kufungashia kulikuwa na kantini, wali na maharage, siku nyingine ugali na samaki, bure kwa wote kuanzia mlinzi hadi meneja. Mwaka 2023 tulichoka na maharage tukaandika barua kuomba tupewe 100,000 taslimu kila mwezi badala yake. Kampuni ikakubali. Chakula cha kantini ya kazini kinachotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi hakihesabiwi kodi. Posho ya chakula ya fedha taslimu inahesabiwa. Mimi nilibaki na 63,000. Sahani ya mama ntilie wa nje ya geti ilikuwa 3,000, na kwa siku 26 za kazi ni 78,000. Nilikuwa naongeza fedha yangu kula chakula nilichokuwa napewa bure. Wenzetu wa kufungasha, ambao mishahara yao iko ngazi za chini, walikatwa kidogo kuliko mimi, lakini wao hata hiyo tofauti ndogo ni mchele wa nyumbani. Tulirudi kuomba kantini ifunguliwe. Ilichukua miezi minne.

Nyumba ina hesabu yake, na wengi hawaijui. Mwenzangu anayesimamia shamba la kampuni alipewa achague: posho ya nyumba 400,000 au nyumba ya kampuni iliyopo shambani. Ukipewa nyumba, thamani inayokatwa kodi inapatikana hivi: chukua asilimia 15 ya mapato yako ya mwaka na gharama ambayo mwajiri anaidai kwenye hesabu zake kwa nyumba hiyo, uangalie kipi kikubwa, kisha kilinganishe na pango la soko la nyumba ile, uchukue kidogo. Kama unalipa pango kiasi, linatolewa. Nyumba yake ingepangishwa 400,000. Mapato yake mengine ni 1,700,000, asilimia 15 yake ni 255,000, na kampuni ilikuwa inadai gharama ndogo kuliko hapo kwa kuwa nyumba ni yake ya siku nyingi. Akahesabiwa 255,000, kodi 76,500, badala ya kodi ya 120,000 kwenye posho taslimu. Akachagua nyumba. Kampuni ingekuwa imempangia nyumba kwa mtu mwingine kwa 400,000, faida hiyo isingekuwepo, maana gharama inayodaiwa ingekuwa sawa na pango la soko.

Bima ya afya haihesabiwi kodi kama inatolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi, na inamhusu mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne. Wazazi hawamo. Niliomba mama yangu aingizwe, kampuni ikakubali kumlipia 60,000 kwa mwezi, na kwenye slipu ukaongezeka mstari mwingine. Kodi yake ni 18,000. Mama ana kisukari. Hiyo ni 18,000 ambayo sijawahi kuijutia, ila nilitaka kuijua kabla, na safari hii niliijua.

Nilipobanwa na lile deni nilikopa kazini 4,000,000 kulipa ada na madeni mengine, nikarejesha kwa miezi kumi. Mkopo wa mwajiri wenye riba ndogo au usio na riba nao ni marupurupu, tofauti ya riba inahesabiwa kuwa pato. Lakini mkopo wa chini ya miezi 12 usiozidi mshahara wa msingi wa miezi mitatu unaachwa. Miezi mitatu yangu ni 4,500,000. Nilikuwa nimetaka kukopa tano kwa miaka miwili.

La mwisho ni la vitu vidogo, na ndilo linalowagusa wengi zaidi. Mwaka wa kwanza nilijinunulia buti za mvua, koti, mikasi miwili ya kupogolea, na bando la intaneti la kutumia ramani za mashamba. Nilitumia 185,000 nikijiambia nitaidai kwenye kodi, kama nilivyosikia wenye maduka wanavyotoa gharama zao. Mama mhasibu akatikisa kichwa. Mfanyabiashara anatoa gharama za biashara kabla ya kodi. Mfanyakazi wa mshahara hana nafasi hiyo. Kodi yake inakatwa kwenye slipu na kuishia hapo. Fedha niliyotumia kwa kazi ina mlango mmoja tu wa kurudi, nao ni kwa mwajiri, kwa risiti. Kama mwajiri hakurudishii, umetoa kwenye mshahara ulioshakatwa kodi. Kwa hiyo siku hizi sinunui hata kamba ya kupimia bila kuomba kwanza kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, na risiti naomba iandikwe jina la kampuni na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi.

Risiti sasa naipiga picha palepale kaunta, kabla sijaikunja. Naituma kwenye barua pepe yangu ya kazi na jina la kijiji na sababu ya safari, maneno matano tu. Karatasi yenyewe naiweka kwenye daftari, mbali na jua. Masurufu nayarejesha siku ya pili ya kurudi, na ikibaki fedha naibakisha mezani kwa mhasibu, kwa sababu hiyo iliyobaki ndiyo inayogeuka mshahara. Kampuni nayo imebadilika: wanalipa gesti na mafuta moja kwa moja inapowezekana, sisi tunabaki na fedha ya chakula tu.

Vijijini bado kuna shida. Gesti nyingi za ndani hazina mashine, na wenye nazo wengine wanakuambia mtandao hakuna. Kwa wasio na mashine nachukua risiti ya mkono yenye jina, namba ya simu, tarehe na saini, na naambatanisha ujumbe wa malipo ya simu unaoonyesha kiasi kilekile. Si nzuri kama ya EFD, lakini ni bora mara mia kuliko mikono mitupu.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia kutoka Mwanza. Ameitwa kazi na shirika moja binafsi, anatoka serikalini kama mimi. "Dada, nimepewa milioni mbili na laki tatu," akasema, sauti imejaa furaha. Nikampongeza kwanza, kwa moyo wote. Kisha nikamuuliza kama hiyo ni ghafi au ya mkononi. Akanyamaza. Nikamwambia arudi kwao kwa heshima, aombe mfano wa slipu ya mwezi mmoja kabla hajasaini, na aulize safari zinalipwaje. Wamemtumia. Ameshakataa nyumba aliyokuwa anaitaka, kachukua ya bei ya chini.

Kule Busokelo kuna gesti ya vyumba sita ninayolala mara nyingi. Mwenye nayo ni bibi wa Kinyakyusa, nampa shikamoo nikiwa bado sijashuka kwenye gari. Mwanzo alikuwa anachoka na maswali yangu ya risiti. Sasa ana kitabu cha risiti chenye karatasi ya nakala, na kwenye jalada la ndani ameandika kwa kalamu nyekundu jina la kampuni yetu na TIN, herufi kubwa. Nikifika mlangoni na begi, karatasi imeshajazwa nusu, imebaki tarehe.